Mistari Saba

Mmeniachia mistari saba
kwenye ukurasa wa tatu wa fomu:
"Kama alama zako ziliwahi kushuka, eleza sababu."
Mwandiko wangu ni mkubwa. Mniwie radhi
nikiendelea nyuma ya karatasi.

Muhula wa pili, kidato cha tano, Kasese.
Kemia ishirini na nne. Fizikia thelathini na moja.
Hisabati sitaitaja. Ripoti mnayo,
ina doa la chai juu yake,
na doa lile halikuwa bahati mbaya.

Kabugho alinishauri niandike kuwa mama aliugua.
"Wenye mama wagonjwa hupata ufadhili," alisema.
Lakini mama yangu hakuugua.
Muhula ule mzima alisimama Katwe
maji ya chumvi yakimfika magotini,
akivuna ada yangu kwa vikapu,
na miguu yake iliyochanwa na fuwele
ilikuwa mizima kuliko kichwa changu.

Ningeweza kuusingizia mto.
Nyamwamba ulifurika kweli,
ila ulipita mbali na bweni letu.

Ukweli ni mfupi:
nilifeli jaribio moja, nikaona haya,
nikaacha kuingia darasani nisije nikaona haya tena.
Hapo ndipo haya ilipozaa.

Nililala. Kengele ikilia nilijifunika shuka
nikasikiliza viatu vya wenzangu kwenye changarawe,
jozi baada ya jozi,
hadi kimya.
Mnakijua kimya cha bweni saa tatu asubuhi?
Kuna inzi mmoja, na kuna wewe.

Na jaribio lenyewe, chekeni mkipenda,
lilihusu chumvi:
gramu ngapi zitayeyuka katika maji kiasi gani,
na wakati gani zitagoma kuyeyuka.
Mimi, Mbambu, binti wa nne wa mwanamke wa vidimbwini,
niliacha pengo.

Likizo nikarudi nyumbani, ripoti ndani ya soksi.
Nikakuta mvua ya usiku mmoja imeingia kidimbwini,
tabaka lililoganda kwa wiki tatu
limerudi kuwa maji.
Nikachukua ndoo niyateke, niyamwage, tuanze upya.
Mama akapiga kelele toka ng'ambo ya ukingo wa magogo:
"We! Usimwage! Chumvi imo humo humo!"
Kisha akarudi kwenye bei ya gunia,
akibishana na mchuuzi wa Kongo.
Hakuwa akinifundisha lolote.
Alikuwa akilinda mali yake.

Muhula wa tatu nilibeba madaftari ya kidato cha tatu.
Nilimwomba Bwambale, mtoto ambaye sauti haijamvunjika,
anieleze moli.
Alinieleza. Aliniita dada, kwa huruma,
na huruma ile niliimeza kama kwinini.
Nikahamia dawati la mbele
ambako mate ya Mwalimu Kule hufika.
Arobaini na moja.
Kisha thelathini na nane;
nikalia chooni, nikanawa uso,
nikaingia kipindi cha saa nane.
Kisha hamsini na tisa,
imeandikwa kwa wino wa bluu.
Nasikia kalamu nyekundu ilikuwa imemwishia.
Mimi niliipokea bluu yangu bila maswali.

Hamsini na tisa si alama ya kuringia, najua.
Wapo watakaowaletea tisini
ambazo hazijawahi kunyeshewa.
Wapokeeni, wanastahili.
Mimi nawaletea muhula ulioyeyuka
na ambao sikuumwaga.

Mistari saba iliisha zamani.
Chini kabisa, penye sahihi ya mzazi,
mtaona alama nyeupe: kidole gumba cha mama.
Alitoka kazini, hakunawa.
Mkiigusa mkiwa na mchubuko
itawasha kidogo.